Patupu kwa Nani?

Juma lililopita jarida liliwauliza wasomaji iwapo pana mahali popote, nyumbani au porini, panapostahili kuitwa patupu. Jibu langu ni kwamba utupu haujulikani mpaka ajulikane anayeutaja na anachokitafuta, na sisi wa Nakuru na Kisumu ushahidi tunao katika maziwa yetu mawili.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki wadogo wa jamii ya tilapia walitolewa Ziwa Magadi wakatiwa katika Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Ziwa Nakuru, kwa ukali wa maji yake ya magadi, halikuwa na samaki. Lilijulikana kwa heroe (flamingo) na mwani wanaoula. Wageni hao walipozaana, mwari, ndege wakubwa walao samaki, walikuja kwa wingi kuwavua, na kwa miaka mingi ndege hao wametaga mayai katika Ziwa Elementaita lililo jirani na kuruka hadi Nakuru kutafuta chakula. Mwanaikolojia aweza kusema kwamba nafasi ya mla samaki ilikuwa wazi siku zote. Mimi nasita kukubali, kwa sababu kabla ya samaki kufika hapakuwa na chakula cha mwari wala mwari wa kukila; nafasi hiyo tumeigundua baada ya kujazwa, kisha tukairudisha nyuma katika historia.

Miaka ileile mbuta, samaki mkubwa mla samaki aitwaye pia sangara, alitiwa katika Ziwa Victoria. Waliounga mkono jambo hilo walidai kwamba fulu, samaki wa asili waliojaa ziwani, walikuwa wadogo, wenye miiba mingi na wasio na thamani sokoni, hivyo ilifaa apatikane samaki mkubwa wa kuwageuza kuwa nyama. Laiti wangetazama fulu hao walikuwa wakifanya nini! Mamia ya spishi zao walikuwa wamegawana ziwa: wapo waliokula mwani na uchafu wa chini, wapo waliovunja makombe ya konokono, na wapo walionyonya vifaranga kutoka vinywani mwa majike waliokuwa wakivilea. Mbuta walipofurika katika miaka ya 1980, huku maji yenyewe yakizidi kuchafuka, spishi zinazokadiriwa kufikia 200 zilitoweka, na omena (dagaa) na kamba wadogo wakaongezeka. Sipuuzi fedha zilizoingia, kwani minofu ya mbuta iliendesha viwanda vya Kisumu, ingawa wenyeji wengi walibaki kununua mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Hata hivyo, aliyeliona ziwa kuwa na pengo alikuwa akilitazama kwa jicho la soko.

Kuhusu vyumba sina mengi. Chumba cha wageni kinachofungwa mwaka mzima huonekana bure machoni pa mpangaji anayetafuta pa kulala, lakini mama mwenye nyumba anajua kitalaza nani siku ya msiba, na magunia ya mahindi yatawekwa wapi baada ya mavuno.

Kwa hiyo, kila anayependekeza kuleta samaki, mti au mdudu mgeni kwa sababu ameona nafasi iliyo wazi, ningependa alazimishwe kwanza kuandika orodha ya wanaokula na wanaoliwa hapo sasa, pamoja na wale wasiouzika. Orodha hiyo isomwe mbele ya wavuvi, kwa kuwa ndio wanaowajua samaki ambao hawafiki sokoni.