Kabla Hujasimamisha Mnara wa Redio Nyumbani: Niliyojifunza Kuanzia Shimoni

Watu wanaofika kwangu na kuuona mnara wa mita 15 umesimama kwa miguu yake mitatu, bila waya wowote wa kuushikilia pembeni, huniuliza kwanza jinsi nilivyoupandisha. Karibu hakuna anayeuliza kilichozikwa chini yake, ilhali kuupandisha kulichukua siku mbili na kazi ya chini ilichukua miezi miwili, na makosa yote ambayo yangeweza kuniletea hasara au kumuumiza mtu yalikuwa yamejificha katika ile miezi miwili. Kwa sababu hiyo makala haya yatakaa sana shimoni, na ninamwomba msomaji anayetamani kuiona antena yake juu avumilie.

Nilichagua mnara wa kujitegemea kwa sababu ya nafasi, wala sidai kwamba ni bora katika kila hali. Mnara unaoshikiliwa kwa waya ni mwembamba, mwepesi na wa gharama ndogo zaidi kwa urefu uleule, lakini waya zake huhitaji nanga zilizochimbiwa mbali na mguu wa mnara kwa kiasi cha asilimia 60 hadi 80 ya urefu wake, katika pande tatu. Kwa mnara wa mita 15 hiyo ni mita 9 hadi 12 kila upande, na waya hizo hukatiza mahali ambapo watoto hukimbia na watu hupita gizani. Mwenye eneo la kutosha asiudharau mnara wa waya. Asiye nalo ajue kwamba kazi yote ambayo ingefanywa na waya zile sasa inabebwa na msingi peke yake.

Kinachoangusha minara ni upepo, na watu wengi wanaoanza hobi hii ya redio ya ridhaa huuliza uzito wa antena badala ya kuuliza eneo lake. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, husukuma kila mita moja ya mraba iliyo mbele yake kwa nguvu ya nyutoni 245 hivi. Mwendo wake ukiongezeka maradufu na kufika mita 40 kwa sekunde, nguvu huongezeka mara nne na kukaribia nyutoni 1,000, ingawa umbo la vyuma vyenyewe laweza kuipandisha au kuishusha kidogo. Nguvu hiyo ikiishika antena yenye eneo la mita moja ya mraba kwenye kimo cha mita 15, msingi unapinduliwa kwa karibu nyutoni-mita 15,000, kabla hatujahesabu upepo unaoupiga mnara wenyewe. Msingi nao hujitetea kwa wenzo mfupi mno, yaani nusu ya upana wake. Kwenye mchoro, msingi wangu ni mchemraba wa mita 1.5 kila upande, una karibu mita za ujazo 3.4 za zege, na uzito wake unazidi tani 8. Pamoja na uzito huo wote, wenzo wake ni sentimita 75 dhidi ya mita 15.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niridhike na mita 15. Kwenye bendi ya mita 20, yenye masafa ya megahezi 14, antena iliyolala mlalo kwenye kimo cha mita 10 juu ya ardhi tambarare hutupa sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye pembe ya nyuzi 32 hivi kutoka upeo wa macho. Ukiipandisha hadi mita 15 pembe hiyo hushuka hadi nyuzi 21, na ukifika mita 20 hushuka hadi nyuzi 15. Pembe ya chini ndiyo inayofikisha sauti mbali, kwa hiyo kila mita ina faida, lakini mita tano za kwanza zinashusha pembe kwa nyuzi 11 na tano zinazofuata kwa nyuzi 6 tu, wakati mzigo kwenye msingi unazidi kupanda, kwa kuwa wenzo unarefuka na vyuma vinavyopigwa na upepo vinaongezeka. Ningemshauri mtu anayeanza afanye hesabu hii kwa bendi anayoipenda zaidi kabla hajanunua kipande hata kimoja.

Kuhusu vibali sitasema mengi, kwa kuwa kila mahali pana utaratibu wake. Ulizia kwa mamlaka ya ujenzi, ya mawasiliano na, kama uko karibu na njia za ndege, ya usafiri wa anga. Kisha wape majirani taarifa mapema na uwaonyeshe mchoro. Jambo moja tu halina mjadala: ukichora duara lenye nusu kipenyo kinachozidi urefu wa mnara pamoja na antena, ndani ya duara hilo pasiwe na nyaya za umeme za juu. Mimi niliihamisha sehemu niliyoichagua mwanzoni kwa mita nne kwa sababu hiyo, nikapoteza kivuli cha mti niliokuwa nikiupenda, na sijutii.

Sasa tuingie shimoni. Mchoro wa msingi unaokuja na mnara huwa umechorwa kwa udongo wa aina fulani, na ukisoma maelezo madogo utaikuta aina hiyo imetajwa. Udongo laini wa mfinyanzi au mchanga ulioloa haubebi kama udongo mgumu uliotulia, na mtu mwenye udongo dhaifu hulazimika kupanua msingi. Mimi nilimlipa mhandisi wa ujenzi aje atazame shimo la majaribio na kuupitia mchoro, na sidhani kama nimewahi kutumia fedha vizuri zaidi katika hobi hii.

Yeye ndiye aliyenizuia nisifanye kosa kubwa. Tulipochimba, kuta za upande mmoja zilibomoka, shimo likawa pana kuliko mchoro kwa karibu sentimita 40, nami nikapanga kusimamisha mbao, kumwaga zege la kipimo kilichoandikwa, kisha kuzirudishia pembeni zile taka za udongo na kuzishindilia. Alinieleza kwamba msingi wa mnara wa kujitegemea hauzuiwi na uzito wake tu. Kuta za udongo ambao haujawahi kuguswa huuegemea na kuushika kila unapotaka kuinama, na udongo uliorudishwa kwa chepe hauwezi kufanya kazi hiyo hata ushindiliwe kwa bidii kiasi gani. Tulijaza nafasi yote kwa zege. Ziada hiyo iliniuma wakati ule, lakini sasa najua kwamba ningejenga jiwe la tani 8 lililokaa ndani ya bakuli la udongo legelege.

Nondo zifungwe kwa kufuata mchoro bila kubuni, na zisiguse udongo; baina yake na kuta za shimo paachwe angalau milimita 75 za zege, kwa maana nondo iliyo karibu na unyevu hushika kutu, kutu hiyo huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Chini ya shimo tulitandaza kokoto. Hapa kuna jambo dogo ambalo limeharibu minara mingi: miguu ya mirija huwa tupu ndani, na maji ya mvuke na ya mvua hushuka humo mpaka chini. Kama ncha ya chini imezibwa na zege, maji hayana pa kwenda. Mwenzangu mmoja alinionyesha mnara wake uliokuwa unang'aa kwa nje, akagonga mguu mmoja kwa nyundo karibu na ardhi, na nyundo ikapenya. Hakikisha ncha za miguu zinafika kwenye kokoto zikiwa wazi, au kuna matundu ya kutolea maji juu kidogo ya uso wa zege, kisha uyachunguze matundu hayo kila mwaka.

Kabla ya kumwaga zege fikiria pia radi, kwa sababu baada ya hapo nafasi hiyo hairudi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mhandisi Mmarekani Herbert Ufer alibaini kwamba vyuma vilivyozikwa ndani ya zege huingiza umeme ardhini vizuri hata mahali penye udongo mkavu, kwa kuwa zege hufyonza unyevu na kuutunza. Kwa hiyo nondo zangu zimeunganishwa na miguu ya mnara kwa vibanio imara, na nje ya msingi nimepigilia fimbo tatu za ethi zenye urefu wa mita 2.4, zilizoachana kwa zaidi ya urefu huo, moja kwa kila mguu. Zote zimeunganishwa na ethi ya umeme wa nyumba. Usiache ethi ya mnara na ya nyumba kila moja ikae peke yake, maana radi ikipiga, tofauti ya volti baina ya hizo mbili itapita ndani ya redio yako. Tena shaba isiguse moja kwa moja chuma kilichopakwa zinki, kwani zinki italiwa. Weka kipande cha chuma cha pua katikati.

Siku ya zege nilikuwa nimeagiza asilimia 10 zaidi ya hesabu, na ziada hiyo ilitumika karibu yote. Zege limwagwe mfululizo bila kulala, lishindiliwe kwa vaibreta ili hewa itoke, na kipande cha kwanza cha mnara kishikiliwe kwa mihimili huku mtu mmoja asiye na kazi nyingine akikagua timazi na pimamaji muda wote. Uso wa juu ulainishwe kwa mteremko mdogo ili maji yaikimbie miguu. Baada ya hapo subiri. Zege hupata nguvu iliyokusudiwa kwa siku 28, na katika wiki ya kwanza lazima liwe na unyevu. Marafiki zangu walikuwa tayari siku ya kumi wakitaka tuanze kupandisha. Niliwaambia hapana, na ningewaambia hivyo tena leo.

Kuhusu kupanda nitasema yale ninayoyashika bila kulegeza. Mpandaji huvaa mkanda wa usalama unaoshika mwili mzima, wenye kamba mbili zenye ndoano, ili wakati wa kuhamisha moja nyingine iwe imeshika chuma. Hapandi mtu akiwa peke yake nyumbani, na walio chini huvaa kofia ngumu na hawasimami chini ya kazi, kwa kuwa hata spana ikiponyoka kutoka mita 15 inaweza kuua. Kila kipande kilipandishwa kwa mlingoti wa kuinulia wenye kapi, na kamba ya pili ikashikwa chini ili kisiyumbe. Kabla ya siku hiyo tulikubaliana, na tukafanya mazoezi, jinsi ya kumshusha mpandaji aliyezimia, maana mtu anayening'inia kwenye mkanda bila kujitikisa huwa hatarini kwa muda wa dakika chache, hata kama hakuumia.

Kebo zishuke kwa mguu mmoja, zifungwe kila baada ya mita moja hivi, na karibu na rotata, yaani mota inayoizungusha antena, ziachiwe mzunguko mlegevu ili antena izunguke bila kuzivuta. Viungio vifungwe kwanza kwa mpira unaojigandisha wenyewe, kisha kwa utepe wa plastiki unaozungushwa kutoka chini kwenda juu, kama vigae vinavyopandana, maji yasipate mlango. Mahali kebo zinapoingia nyumbani pawe na bamba moja lenye vizuia radi, lililounganishwa na ile ethi ya pamoja.

Kila mwaka, na baada ya kila dhoruba kubwa, huanza ukaguzi kabla sijavaa mkanda. Huchuchumaa kwenye mguu wa mnara na kutazama mstari ambapo zege linakutana na udongo, pande zote nne. Ufa mwembamba ulio upande mmoja tu humaanisha kwamba msingi umeanza kucheza, na ukiuona usipande wala usimruhusu mtu mwingine apande mpaka mhandisi aje autazame. Baada ya hapo ndipo napima miguu kwa timazi, nakaza nati, naondoa kutu na kupaka zinki palipokwaruzika. Mwaka huu ni wa sita, na mstari ule bado umefumbika pande zote.