Kona ya Wasomaji: Hivi Wachezaji Wetu Wanajituma Kweli?

Barua za wiki hii karibu zote zinalia kilio kimoja, timu zimefungwa na watu wana hasira. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndo inayobeba zingine.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi timu yangu naishabikia tangu mtoto na sijawahi kuhama. Juzi tumepigwa 3-0 tena kwetu. Kufungwa kupo, hilo naelewa, kilichoniuma ni kuona watu wanatembea uwanjani kama hawajui kuna mechi. Namba kumi wetu, yule mchezesha timu, ndo kabisa, kuna muda alisimama tu anaangalia. Mtu pekee aliyepambana ni winga wetu wa kushoto, yule alikimbia mwanzo mwisho. Sasa nikitaka kujua mchezaji anajituma au hajitumi naangalia nini hasa? – *Mwenye uchungu na jezi*

JIBU: Pole sana ndugu yangu, kipigo cha nyumbani kinauma hata wiki nzima. Lakini naomba nianze kwa kukupinga kidogo. Kutembea peke yake sio ushahidi wa uvivu. Kiungo wa timu kubwa anakimbia kilomita 10 mpaka 12 kwa mechi, na ukimfuatilia yeye peke yake utashangaa, sehemu kubwa ya hizo kilomita ni kutembea na kujogi, mbio zenyewe za kasi ni kidogo tu. Na mpira wenyewe anakuwa nao miguuni dakika chache mno kati ya 90. Sasa wewe unamhukumu kwa zile dakika chache, zingine zote hukumwona, hasa kama uliangalia kwenye TV maana kamera inafuata mpira haifuati watu.

Kwenye Kombe la Dunia 2022 Messi alikuwa anatembea kuliko karibu kila mtu pale uwanjani, na akaondoka na mabao 7 na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano, wa kwanza kuichukua mara mbili maana alishaipata 2014. Alikuwa anatembea huku anageuza kichwa, anaangalia beki yupi kasogea na wapi kumebaki wazi. Sisemi namba kumi wenu ni Messi, nasema kabla hujamwita mvivu angalia shingo yake. Akiwa amesimama na kichwa kinazunguka huyo yuko kazini. Akiwa amesimama anaangalia mpira tu kama wewe uliyeko jukwaani, hapo una kesi.

Sasa huyo winga aliyekimbia mwanzo mwisho. Inawezekana kabisa ndo aliyewamaliza. Najua hutapenda kusikia hivi. Mchezaji akiforsi peke yake, yaani akienda kumbana mpinzani mwenye mpira, anakimbilia beki wa wapinzani huku wenzake wako mita thelathini nyuma, anaacha upande wake wazi, beki anatoa pasi moja tu na mnafunguka. Sisi jukwaani tunapiga makofi kwa sababu tumeona jasho. Presi, yaani huko kubana, ni kazi ya watu wanne watano wanaosogea pamoja, mmoja akienda peke yake amechoka bure na ametoboa timu. Na kuna kinyume chake, straika anaenda kuforsi mara ya kwanza, anageuka hakuna mtu nyuma yake, anaenda mara ya pili hola, mara ya tatu anaacha, na nyinyi mnaanza kumzomea huyo huyo aliyeacha wakati waliobaki nyuma ndo wenye makosa.

Kumbuka nusu fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Ujerumani pale Belo Horizonte, tarehe 8 Julai 2014. Kuna mtu atasema Brazil hawakuwa na uchungu? Wimbo wa taifa waliuimba machozi yanawalenga, David Luiz na Júlio César wameshika jezi ya Neymar aliyekuwa majeruhi. Uchungu ulikuwepo tele. Kilichokosekana ni mpangilio, nahodha Thiago Silva yuko nje anatumikia adhabu ya kadi, kila mtu anataka kuwa shujaa, mabeki wanapanda mbele hawarudi, wakala mabao manne ndani ya dakika sita, kuanzia ya 23 mpaka ya 29, mechi ikaisha 7-1. Wale watu walikimbia. Walikimbia kwenda sehemu ambazo hawakutakiwa kuwepo.

Mimi naangalia vitu viwili na nakuomba ujaribu mechi ijayo. Cha kwanza ni zile sekunde tano timu ikipoteza mpira. Usiufuate mpira, tazama wale wachezaji watatu waliokuwa karibu, wanageuka hapo hapo au wanainua mikono kumlaumu aliyepoteza? Hapo mtu hawezi kudanganya maana mwili unafanya kabla akili haijapanga. Cha pili, na hiki ndo naona watu wengi hawakiangalii kabisa, ni nani anaomba mpira mkiwa mmefungwa. Timu ikiwa inaongoza 2-0 kila mtu anautaka. Mkiwa nyuma, uwanja unanung'unika, utaona kuna mchezaji anajificha nyuma ya mgongo wa mpinzani, beki wake anatafuta wa kumpa pasi yeye yuko sehemu ambayo haiwezekani kumpa, halafu pasi ikienda kwa mwingine ndo anatoka mbio. Huyo anaweza kumaliza na kilomita 11 na jezi imelowa chapa. Kwangu mimi huyo ndo mvivu, tena mvivu hatari, maana anaonekana mzuri. Na yule anayejitokeza kuomba mpira mara kumi akapoteza mara nne, huyo namheshimu hata kama ndo mnamwita mzigo.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Ujanani nilicheza beki ya kulia kwenye timu ya mtaani na kocha wetu alinikataza kuvuka mstari wa kati maana upande wa pili alikuwepo mwenzangu anayepanda. Msimu mzima nikaitwa mvivu, mtu wa kusimama, hapandi, hana moyo. Nilikuwa nafanya nilichoambiwa. Mpaka leo nikisikia shabiki anasema beki fulani "hapandi" najiuliza kwanza kocha alimwambia nini.

SWALI: Mambo vipi. Straika wetu mpya kaja kwa mbwembwe nyingi, mechi saba hajafunga hata moja la kusingiziwa. Kaka yangu anasema auzwe dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, mimi nasema apewe muda, tumefika mahali hatuongei. Fomu ya mchezaji inapimwa kwa mechi ngapi? – *Mdogo mtu*

JIBU: Mdogo wangu, kwanza muongee, straika atahama na nyinyi mtabaki ndugu.

Thierry Henry alipotua Arsenal Agosti 1999 akitokea Juventus alicheza mechi nane bila bao. Kule Italia walimweka pembeni kama winga, kocha wa Arsenal, Wenger, akamrudisha katikati, watu wakaguna. Msimu ulipoisha alikuwa na mabao 26 na alipomaliza kazi pale ana 228, mfungaji wao bora wa muda wote. Angeuzwa kwa mechi saba ingekuwaje? Lakini kaka yako naye anaweza kuja na Fernando Torres, ambaye Chelsea walimnunua Januari 2011 kwa pauni milioni 50, akacheza dakika 903 ndo akafunga la kwanza, dhidi ya West Ham, na hata baada ya hapo hakurudi kuwa yule Torres wa Liverpool. Kwa hiyo ukame peke yake haukwambii kitu, Henry alikuwa nao na Torres alikuwa nao.

Swali la kuuliza ni je, nafasi anazipata? Straika anayekosa mabao matatu ya wazi kila mechi anaudhi kuliko yule ambaye humwoni kabisa, lakini mimi nitamchukua huyo anayekosa. Amefika pale. Ameshamwacha beki, amesoma krosi, kilichobaki ni mguu kukubali, na mguu mara nyingi hukubali mbele ya safari. Ndo maana siku hizi wanahesabu ubora wa nafasi, kile wanachoita xG, kwamba nafasi ya aina hii huwa inaingia mara ngapi, penati kwa mfano karibu tatu kati ya nne zinaingia. Mtu akiwa anapata nafasi nzuri halafu hafungi, hiyo hali huwa haidumu. Akiwa hapati hata nafasi ndo uanze kuangalia mwili. Torres alishafanyiwa upasuaji wa goti mara mbili mwaka 2010 na ile kasi ya kumwacha beki hatua tatu za kwanza ilipungua, hilo lilionekana kwa macho hata bila kuhesabu mabao.

Na saa ingine mtu anaumwa na sisi hatuambiwi. Lautaro Martínez, straika wa Argentina, kwenye Kombe la Dunia Qatar 2022 alikosa mabao mpaka akapoteza namba kwa Julián Álvarez, akasemwa kweli kweli, baadaye ndo ikajulikana alikuwa anacheza na maumivu ya kifundo. Na hata hivyo robo fainali na Uholanzi penati ya mwisho alipiga yeye na ikaingia. Miaka miwili baadaye Copa América 2024, kombe la Amerika Kusini, mfungaji bora ni yeye, mabao 5, likiwemo la fainali dhidi ya Colombia.

Ukinibana nikupe namba nitasema mechi kumi za kuanza, sio za kuingia dakika ya 80. Na zisiwe zote dhidi ya timu kubwa. Saba bado, mwambie kaka.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mume wangu kila mechi ikiisha anafungua simu anasoma maksi za wachezaji, huyu 7.8, huyu 6.1, basi ndo hukumu imetoka hapo na habishiki. Kiungo mkabaji wetu kila wiki anapewa sita na ushee na mume wangu anasema hafai. Mimi naangalia mpira kwa macho yangu na naona yule kaka akikosekana tunafungwa. Nani yuko sahihi? – *Mama wa jukwaa la juu*

JIBU: Marahaba dada yangu. Wewe.

Zile maksi nyingi zinatokana na matukio yanayohesabika, bao, asisti, pasi, kunyang'anya mpira, chenga. Kiungo mkabaji mzuri kazi yake kubwa ni kusimama mahali ambapo pasi ya wapinzani ingepita, na pasi isipopigwa haihesabiki popote. Beki vivyo hivyo, anayeteleza chini kila saa anaonekana shujaa kumbe mara nyingi anakimbizana na makosa yake mwenyewe ya kusimama vibaya.

Mwambie mume wako Real Madrid walikosea hapo hapo, na wao walikuwa na wataalamu. Mwaka 2003 walitoka kuchukua ligi, wakamnunua Beckham, na kiangazi kile kile wakamwachia kiungo mkabaji wao Claude Makélélé aende Chelsea baada ya kuomba aongezewe mshahara, maana alikuwa analipwa kidogo kuliko mastaa wa mbele. Ligi ya Hispania hawakuiona tena mpaka msimu wa 2006/07, na Chelsea wakabeba ya Uingereza 2004/05 na 2005/06 Makélélé akiwa pale katikati.

Mechi ijayo fanyeni hivi, dakika kumi nzima mwangalieni huyo kiungo peke yake, mpira uende unakotaka. Mume wako akimaliza hizo dakika kumi bado anasema hafai, niandikie tena.

SWALI: Kipa wetu kafanya kosa la kitoto tukafungwa, mechi iliyofuata uwanja mzima ukamzomea kila akigusa mpira. Mimi nilizomea pia. Sasa najisikia vibaya lakini wenzangu wanasema tukinyamaza watazoea. Kuzomea kunasaidia? – *Bila jina*

JIBU: Ahsante kwa kusema ukweli. Kwamba mashabiki wana nguvu hilo halina ubishi, msimu wa 2020/21 viwanja vilipokuwa karibu vitupu kwa sababu ya korona, Ligi Kuu ya Uingereza wageni walishinda mechi nyingi kuliko wenyeji, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kwenye ligi ya juu ya nchi ile. Sauti yenu inaingia uwanjani. Ndo maana ukimzomea kipa wako dakika ya tano, mpinzani anafurahi, na yeye mpira unaofuata atabutua tu hovyo kwa kuogopa.

Timu nzima ikicheza kwa kujilegeza, filimbi ikilia mkizomea sina neno, ni haki yenu, mmelipa kiingilio na mmeacha shughuli zenu. Lakini mtu mmoja, katikati ya mechi, kwa kosa ambalo yeye mwenyewe hakulala usiku kwa ajili yake, hapana. Tena kosa lenyewe hujui limetoka wapi. Kipa wa Liverpool Loris Karius alitukanwa dunia nzima baada ya fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018 pale Kyiv, walipofungwa 3-1 na Real Madrid, siku chache baadaye madaktari Boston wakampima na kusema alipata mtikisiko wa ubongo mle mle kwenye mechi.

Unataka kumpima kipa wenu, angalia anafanya nini baada ya lile kosa. Bado anatoka langoni kufuata krosi au ameganda kwenye mstari? Bado anawapangia mabeki kwa sauti? Straika wa Ghana Asamoah Gyan, Kombe la Dunia 2010, robo fainali na Uruguay aligongesha mwamba penati ya dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza, ambayo ingeipeleka Ghana nusu fainali, ya kwanza kwa Afrika. Dakika chache baadaye matuta yanaanza, na wa kwanza kupiga kwa upande wa Ghana akatoka Gyan huyo huyo. Akaiweka juu pembeni, ndani. Walitolewa, ndiyo, lakini mimi nikikumbuka ile mechi namkumbuka akitembea kuelekea ule mpira mara ya pili.

Kipa wenu akishika mpira wa kwanza mechi ijayo, anza wewe kupiga makofi. Jirani yako wa jukwaani atakuangalia vibaya mara moja tu.