Mwanangu, geti lisubiri

Mwanangu,

Kamwene. Huku Iringa hatujambo, baridi imeanza na baba yako amesharudia koti lake la zamani. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema nyumba ya Uyole imefikia rangi, fundi anadai maneno ya kuchomelea juu ya geti, na humo ndani hamuelewani: mwenzio anataka Kasri, wewe Hekalu, shemeji yako anasema Jumba linatosha. Unaniuliza mimi niliyefundisha Kiswahili hadi nikastaafu, lipi ndilo sahihi.

Yote ni sahihi. Kasri tumelipata kwa Waarabu, ni makao ya mfalme. Hekalu ni lile Sulemani alilomjengea Mungu. Magazeti siku hizi yanampa kila msanii aliyepandisha ghorofa, na mimi linanikwaruza kila nikilisoma, ila ndivyo watu wanavyosema sasa. Jumba ni nyumba iliyokuzwa, basi. La kamusi limeishia hapo. Ungeniuliza ni nani mwenye haki ya kulitamka neno lenyewe, hapo ningekuwa na mengi.

Unajua msimamo wangu, nimewaimbia tangu mko wadogo: jumba ni neno la mpita njia. Anayelala ndani anasema nyumba. Angalia Unguja. Sultani Barghash alipojenga lile lake la ufukweni mwaka 1883, aliliita Beit al-Ajaib, na beit kwa Kiarabu ni nyumba tu. Waliokuwa nje wakiinua shingo ndio waliosema Jumba la Maajabu. Au shuka hapa Kalenga. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa na ngome ya mawe iliyowapa Wajerumani kazi hadi wakaiteka Oktoba 1894. Wazee walisema Lipuli, jina la ngome yenyewe, au walisema lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, na hilo lilinga ndilo lililoupa mji wetu jina. Kasri sikumsikia mzee hata mmoja akilitaja.

Utaniambia, na Ikulu je? Hapo naona umenibana kidogo. Anayekaa humo anaitaja Ikulu na hakuna anayemwona ana majivuno. Lakini Ikulu si yake, mwanangu. Anahama, anaingia mwingine, jina linabaki ukutani. Hata ile ndogo ya mkoani, mgeni analala siku mbili anaondoka. Msimamo wangu bado umesimama.

Tena neno hili jumba limewahi kuwa hatari, nyie hamkulikuta. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Halafu mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo, yale ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na ofisi iliyokabidhiwa ikaitwa Msajili wa Majumba. Majumba, sikiliza! Serikali yenyewe ilitumia neno la mpita njia. Waliopanga humo walisema "nakaa nyumba ya Msajili", na hata mwaka 1990 ofisi ilipoingizwa Shirika la Nyumba watu waliendelea kusema hivyo hivyo. Miaka ile ukisikia nyumba yako inaitwa jumba unafunga dirisha. Na mpaka leo mtu akisingiziwa kosa la wenzake tunasema ameangushiwa jumba bovu. Nyumba haijawahi kumwangukia mtu katika Kiswahili.

Sasa nikwambie la babu yako, maana ndilo lililonikalia kooni tangu nisome ujumbe wako.

Nyumba ya kule mlimani hukuiona, umeona msingi tu siku ile tulipokwenda makaburini. Babu alitoka manamba, kwenye mkonge wa Tanga, na akiba yake yote akaimwaga pale: tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji ambayo bibi yako aliisugua kwa jani la mgomba hadi ikang'aa. Jirani zetu wote walikuwa kwenye tembe, zile za zamani zenye paa bapa la udongo. Watu wakipita kwenda mnadani walisema "lile jumba". Babu hakulipokea hata siku moja. Alikuwa akijibu, "Karibuni nyumbani."

Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, tukaambiwa tushuke barabarani. Akaja karani na daftari kuandika mali za kila kaya. Alikuwa kijana, viatu vimejaa vumbi, hakuingia ndani. Alisimama uani, akatazama juu, akaandika. Mimi nilikuwa darasa la sita, nimesimama nyuma yake na ndoo kichwani, nikasoma alichoandika. Kibanda, kimoja.

Jioni nikamwambia baba. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Akanyamaza sana, kisha akauliza, "Hata nyumba hakuandika?"

Mwanangu, hakusema "hata jumba". Kuna siku nalala nalikumbuka hilo swali. Bati na milango tulishusha kwa mkokoteni, tofali zikabaki huko. Wakati mwingine najibishana na nafsi yangu: karani yule alikuwa na kaya nyingi za kuandika kabla jua halijazama, pengine kila mlimani aliandika hivyo hivyo bila kutazama. Na shule ilikuja kule barabarani, mdogo wangu wa mwisho alisoma hatua chache kutoka mlangoni, wakati mimi nilipanda na kushuka milima. Hayo ni kweli. Lakini daftari lilikuwa mkononi mwake, na neno "nyumba" halikuwa na gharama yoyote.

Ndiyo maana nikiona maneno makubwa yamechomelewa kwenye geti moyo wangu unarudi nyuma. Halafu najiuliza, labda nakuonea. Babu yako angekuwa hai aone ghorofa ya mjukuu wake Uyole, huenda angetaka liandikwe neno kubwa kuliko yote, wapita njia wasome wote, makarani wasome. Pengine ndivyo unavyowaza wewe, unamlipia deni lake. Kama ni hivyo, sina la kukukataza.

Ila kama ni kwa ajili ya majirani, watalisema wenyewe bila kuandikiwa.

Hukuniuliza uandike nini, uliniuliza lipi sahihi, kwa hiyo naufunga mdomo. Ninalo neno langu, na baba yako ananiangalia hapa ananiambia nisikuandikie. Mwambie fundi asubiri. Tukishavuna mahindi nakuja, nataka niione sakafu kwanza, niione na jiko. Nitakuja na shangazi yako wa Ifunda, naye haoni geti akasita kusema analoliwaza, kwa hiyo mwandalie chumba cha chini, magoti yake hayapandi ngazi.

Mama yako