Kuku wa uani na mvua za Mtwara: banda liwe kavu chini, lipumue juu

Kwetu sisi wa pwani ya kusini, baridi peke yake haiui kuku mkubwa. Joto la mwili wake ni takribani nyuzi 41, na manyoya yakiwa makavu anayatutumua, anajikunyata kwenye kichanja na usiku unapita. Kinachomaliza kuku wa uani hapa Mtwara ni unyevu: sakafu iliyoloa, matandazo yaliyovunda, na hewa nzito iliyofungiwa ndani pamoja na mvuke wa kinyesi. Nafuga kuku wa kienyeji nyumbani Mikindani kwa misimu mingi sasa, na kila ikifika Januari majirani huja kuniuliza dawa ya mafua ya kuku. Mimi huomba kwanza nilione banda.

Mvua zetu si kama za Dar es Salaam zenye vuli na masika. Huku ni msimu mmoja mrefu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kati ya Januari na Machi ndipo inaponyesha kwelikweli. Ikikatika, haupiti muda kipupwe kinaingia, Juni hadi Agosti, kusi inavuma na usiku unakuwa na baridi. Kwa hiyo banda linatakiwa kuvuka vipindi viwili, cha maji na cha upepo. Kazi ya kuliandaa ifanye Oktoba, korosho zikiwa bado zinaokotwa na ardhi ni kavu. Kupiga misumari Januari juu ya mbao zilizovimba kwa maji ni kujitesa.

Anza na sakafu. Ukiwa na mianzi au mbao, inua banda juu ya nguzo, angalau kimo cha goti, maji yapite chini na ufagio ufike. Fito za sakafu ziachane kidogo ili kinyesi kidondoke, lakini uwazi usizidi upana wa kidole kidogo, maana mguu wa kuku mdogo ukinasa hapo huvunjika. Nguzo zipake oili chafu kwa ajili ya mchwa, na miguu yake isimamishe ndani ya makopo yenye oili hiyohiyo. Siafu hupenda kutembea wakati wa mvua, na kuku anayeatamia hakimbii mayai yake upesi. Nimeona kwa jirani kundi la vifaranga likiisha usiku mmoja kwa siafu, mama yao naye akiwa ameumwa mpaka macho hayafunguki.

Kama banda lako liko chini, usikate tamaa. Tafuta udongo wa kichuguu, uloweshe kidogo, ushindilie mpaka sakafu ipande shubiri nzima kuliko uwanja, kisha chimba mfereji kuzunguka banda unaopeleka maji mbali. Juu yake tandaza maranda au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne. Maranda yanapatikana kwa mafundi seremala. Chagua ya mbao ambazo hazijawekwa dawa. Makumbi ya nazi siyapendi kwa kazi hii, yanashika maji kwa muda mrefu mno.

Matandazo yakaguliwe kwa mkono. Chota konzi moja karibu na chombo cha maji na nyingine chini ya vichanja, maana huko ndiko kunakoloa kwanza. Kamua, halafu fungua kiganja. Yakibaki yamegandamana kama tonge la ugali, yatoe siku hiyohiyo uweke makavu. Yakimeguka taratibu, yako sawa. Baada ya hapo chuchumaa, alfajiri kabla hujafungua mlango kwa kuku kutoka, pua yako iwe usawa wa kichwa cha kuku. Macho yakikuwasha, ujue wao wamelala humo usiku kucha. Ukisimama huenda usihisi kitu, na hapo ndipo watu wengi wanapoamini banda lao ni zuri. Hewa ya namna hiyo huchubua koo na mapafu, na kuku akishachubuka, mafua hayabishi hodi: uso unavimba, jicho linatoa ute, anakoroma.

Unyevu huohuo ndio unaolea kuhara damu, hasa kwa vifaranga wa wiki tatu hadi nane. Vijidudu vyake vinatoka kwenye kinyesi na vinahitaji ubichi na joto ili vikomae, na banda lililoloa mwezi wa pili linavipa vyote. Dawa zipo kwenye maduka ya mifugo na zinasaidia zikiwahiwa. Lakini kutibu huku matandazo yameloa ni kutupa pesa. Chombo cha maji kiweke juu ya tofali, wasikimwage kwa miguu.

Kuhusu kuta, nitasema kwa msisitizo: acha kulivisha banda nailoni kuanzia juu mpaka chini. Najua linafanywa kwa huruma. Lakini kuku wanapumua maji mengi usiku, na ukifungua asubuhi utakuta nailoni inatiririka kwa ndani. Mvua umeizuia nje, ukatengeneza nyingine ndani. Ukuta wa chini uwe mzima, wa udongo au mbao, mpaka juu kidogo ya walipolala kuku, ili upepo usiwapige moja kwa moja. Sehemu ya juu iwe ya wavu. Pale kwenye wavu ninaning'iniza magunia ya zamani ya korosho, ambayo huku kwetu hayakosekani. Nayakunja mvua isipokuwepo na kuyashusha inapokuja na upepo. Gunia linakata rasharasha na bado linapitisha hewa, na likiloa linaanikwa kutwa moja linakauka. Hata yakishushwa yote, uwazi wa kiganja chini ya paa usizibwe kamwe.

Urefu wa banda uende mashariki kwenda magharibi, jua kali lisiingie ndani. Mvua zetu nyingi huja na upepo wa kaskazi, na kipupwe kina kusi, na zote mbili huelemea upande wa mashariki. Huo ukuta mfupi wa mashariki ndio uzibe mpaka kwenye ule uwazi wa chini ya paa, mlango uwe magharibi. Ndugu zetu wa Newala, huko juu kwenye ukungu wa uwanda wa Makonde, wanaweza kuinua ukuta zaidi ya sisi wa pwani, ila uwazi wa chini ya paa nao wauache.

Paa la makuti linafaa sana, halichomi mchana wala halipigi kelele, mradi liwe na mwinuko mkali na makuti yasukwe kwa kubanana. Ingia ndani saa sita mchana, funga mlango, tazama juu: kila nukta ya mwanga unayoiona ni tone la maji la mwezi wa kwanza. Paa lining'inie nje ya ukuta kwa hatua nzima ya mguu. Magunia nayo usiyaondoe mapema. Mei 2024, watu wakidhani msimu umekwisha, kimbunga Hidaya kilileta mafuriko pwani ya Lindi mpaka barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika.

Idadi nayo ni sehemu ya ukavu. Kuku watano kwa mita moja ya mraba wanatosha. Siku za mvua wanashinda ndani, na kila anayezidi anaongeza kinyesi na mvuke.

Vifaranga ni habari nyingine, hao baridi inawaua kweli. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kidogo kila wiki mpaka waote manyoya. Ushauri wangu ni kupanga kalenda: kuku wa kuatamia awekewe mayai Agosti au Septemba, siku 21 zikitimia unakuwa na vifaranga wa kukua kabla ya Desemba. Mayai ya Januari na Februari tunakula. Ukilazimika kulea wakati wa mvua, tengeneza kinengunengu, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, na kama unatumia jiko la mkaa, liwashie nje mpaka moshi uishe, hewa iwe na pa kutokea, na usilale wewe wala mtoto kwenye chumba hicho. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu na kuku.

Chakula kiinuliwe kutoka sakafuni, kwenye ndoo yenye kifuniko. Pumba za mahindi na mashudu vikipata unyevu vinaota ukungu na kuingia sumukuvu. Vikinuka uvundo usiwape kuku, vifukie. Vifuu ulivyokunia nazi vigeuze au vichome, maana maji yanayotuama humo yanazalisha mbu, na mbu ndio wanaosambaza ndui ya kuku, vile vidonda vya kwenye upanga na kuzunguka macho.

Halafu mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Banda zuri kiasi gani halizuii mdondo, chanjo tu. Ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, inastahimili joto kuliko chanjo nyingi na ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu au minne. Mimi nachanja Januari, Mei na Septemba. Ya Mei ndiyo siikosi, nataka kuku wawe na kinga kusi ikishaanza. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko ulionao, kwa hiyo changeni majirani na mchanje siku moja, mkimwita afisa mifugo wa kata kama hamjazoea. Chanja wazima tu, aliyekwisha ugua haimsaidii. Na jogoo mpya wa sokoni mtenge peke yake wiki mbili kabla hujamchanganya na wenzake, hata akiwa anawika vizuri.