Uko na Nani?

Wa mwanzo kuniuliza alikuwa mama. Tulikuwa uwani kwetu Wete, Pemba, yeye anakaanga visheti, mimi nakunja nguo. "Utakwenda na nani?" Nikamjibu, peke yangu. Hakusema kitu. Aliendelea kuvigeuza visheti vyake mpaka vikapita rangi ya kahawia na kuwa vyeusi, na mama yangu hajapata kuunguza visheti tangu nimjue.

Swali hilo hilo nikaja kulisikia Namanga, Busia, Kampala na Kigali, kwa Kiswahili cha kila namna. Tangu nirudi, wasichana wananivuta pembeni skuli ninakofundisha, hata kwenye maulidi, na mara nyingi si pesa wanazoniuliza. Wanataka kujua: ukiulizwa uko na nani, ulikuwa ukijibu nini?

Safari yenyewe ilichukua siku 24: Kenya, Uganda, Rwanda, kisha nikarudi kwa njia ya Rusumo, Kahama na Dodoma. Mzigo wangu ulikuwa begi moja la mgongoni, ambalo babu aliliita shanta na kuniuliza kama najiunga na jeshi. Pesa zilitoka kwenye karafuu za msimu mmoja na kwenye mchezo wa kupeana tunaocheza walimu.

Nianze na nyumbani, maana ndipo penye mpaka mgumu kuliko yote. Mwanamke kusafiri bila ya maharimu, yaani mume au ndugu wa kiume asiyeweza kumuoa, ni suala ambalo wanazuoni wamelizungumza sana na mimi si mtoaji fatwa, muulize unayemwamini. Ninachoweza kusema ni kwamba sikutoroka. Nilimpelekea baba daftari lenye jina la kila mji na kila nyumba nitakayolala. Baba alikuwa baharia wa majahazi ya Tanga. Alilisoma daftari lote, akavua miwani, akauliza jambo moja tu: "Kila mji hapa, utaingia saa ngapi?" Sikuwa nimeandika. Akanirudishia. "Bandari usiyoijua usiiingie usiku. Nenda kaandike."

Nimesoma ushauri mwingi wa wasafiri, na bado sijaona ulioshinda huo. Hatari nyingi nilizokaribia kuzipata zilikuwa za nusu saa ya mwanzo: umeshuka kwenye basi, begi mgongoni, simu haina mtandao, na vijana watano wanagombania kukubeba. Mchana hiyo ni kero tu. Usiku ni jambo jengine. Lakini baba hakusema usisafiri usiku, alisema usifike usiku. Basi la Nairobi kwenda Kampala nilipanda la jioni kwa makusudi, ili nifike asubuhi. Hesabu ya saa ya kuondoka waachie wenye basi, wewe hesabu ya kufika.

Karatasi nitazipitia haraka. Pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000 na inakaa miaka 10. Kitambulisho cha Mzanzibari kinakufikisha Dar es Salaam, mbele ya hapo hakikusaidii. Nchi hizi tatu hazituombi viza. Chanjo ya homa ya manjano ipige mapema, kwani cheti kinaanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, na ukishakipata ni cha maisha. Kuna watakaokwambia kadi inapatikana bila ya sindano. Homa ya manjano haisomi kadi.

Kenya nilicheka kuliko nilivyoogopa. Nairobi ukisema "naomba chai" mhudumu anakutazama kama umemkariri shairi, maana wenzetu huko husema "nipe" na hawana nia mbaya. Kisha huja "umetoka wapi?" Nikisema Zanzibar, naulizwa habari za fukwe. Nikisema Pemba, kuna anayesogeza kiti nyuma kidogo. Sifa yetu ya uganga imetutangulia mpaka kule. Mwanzo nilikasirika. Siku ya tatu kijana mmoja akaanza kunifuata mitaani akiniita "mrembo wa Pwani", nikageuka nikamwambia taratibu, kwa sauti ya bibi yangu: "Mie Mpemba, mwanangu." Aliaga kwa heshima zote. Si ushauri wa kistaarabu, najua, lakini jina la kwetu lilinilinda kuliko kufuli.

Kulala, nilitafuta nyumba za wageni za makanisa, Nairobi na Kampala. Zipo, ni safi, bei zake si za watalii, na geti lina mlinzi. Nyumba ya Nairobi, mtawa mmoja aliniona nikitafuta kibla kwa simu, akaniletea mkeka. Sala nilizijamiisha na kuzikusuru, yaani kuziunganisha na kuzifupisha, kama msafiri yeyote. Ulipokuwepo msikiti mkubwa karibu, nilikwenda, na si kwa sala tu, kwani upande wa wanawake utapata maji, kivuli, na mtu wa kukwambia nauli ya kweli ni shilingi ngapi.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa.

Ndani ya basi la Kampala nilikaa na mama mmoja wa Kiganda, mfanyabiashara aliyekuwa akirudi kutoka Eastleigh, mtaa wa biashara wa Nairobi, na marobota ya vitambaa. Hatujafika Nakuru, akauliza: "Iko na nani, mwana wangu?" Nikajibu nilivyofundishwa na mitandao: mume wangu ananisubiri Kampala. Akafurahi. Busia tuliamshwa usiku wa manane kupanga foleni ya mihuri kwenye baridi, akanifunika kwa khanga yake. Asubuhi tukashuka. Yeye akakalia robota lake, akanambia: "Bwana yako iko wapi?"

Nikasema atakuja. Akasema basi tumsubiri, hawezi kuacha mtoto wa watu kituoni. Nikasema nitampigia, ila laini yangu haishiki. Akanipa simu yake. "Piga."

Simu ya mtu iko mkononi, na namba pekee niliyoihifadhi kichwani nje ya ya baba ni ya kaka yangu. Saa kumi na mbili asubuhi nikampigia Wete. "Halo, mume wangu, nimeshafika." Kimya. Kisha kwa sauti ya usingizi: "Wee una wazimu?" Nikaendelea, nipo kituoni, uko wapi? "Nimwite mama?" Yule mama akanipokonya simu. "Wewe bwana! Kuja chukua bibi yako, iko baridi hapa!" Sijui kaka alifikiri nini, lakini nilimsikia akijibu, "Sawa, sawa, nipo njiani."

Tukasubiri. Tukasubiri mtu aliyekuwa kitandani Pemba. Nusu saa nzima mama wa watu yumo baridini na marobota yake, kila mwanamme anayepita ananiuliza, "Ni huyu?" Nikashindwa. Nikamwambia kweli yote. Kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikamwisha, akanikazia macho: "Ungesema kweli tangu Nairobi, ungelala kwangu." Akaninunulia chai na chapati ya mayai, ile wanayoiviringisha na kuiita roleksi, kisha akanipeleka mwenyewe mpaka mlangoni pa nyumba ya wageni.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Usimwambie kila mtu kuwa uko peke yako, lakini usimtunge mtu ambaye itabidi atokee. Tangu siku ile nilijibu "ninapokelewa", na ilikuwa kweli: kila mji nilimpigia mapema mwenye nyumba ya wageni nikamwambia basi langu na saa yake. Mtu akiuliza zaidi, namtaja mwenye nyumba huyo kwa jina. Na kila siku baada ya Magharibi nilimtumia kaka ujumbe wa mji, nyumba na namba ya chumba. Alijibu kila siku kwa maneno yale yale: "Sawa, mke wangu."

Yaliyobaki ya Kampala yalikuwa mazuri. Panda mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala. Ngazi ni zaidi ya 300 na magoti yatakulaani, lakini juu utauona mji na vilima vyake vyote.

Gatuna, mpakani mwa Rwanda, begi langu lilifunguliwa. Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na sisi Zanzibar tulitangulia 2006, kwa hiyo sina udhuru. Lakini mama alikuwa na akiba yake ya mifuko anayoijua yeye, akavifunga humo visheti, viatu, hata sabuni. Ofisa, binti wa umri wangu, aliitoa mmoja mmoja bila ya ukali. Alipofika kwenye visheti akasita. Nikatandika khanga juu ya meza, tukavimimina pale, sukari ikatapakaa mezani kote. Nikamkaribisha, akakataa kwa sababu yuko kazini. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni hawakuwa kazini. Nusu ya visheti iliishia pale.

Kigali nilifika Ijumaa, na Jumamosi nikaamka nikakuta mji umekufa. Hakuna duka, hakuna gari. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi watu wote hutoka kufanya kazi za mtaa. Mwenye nyumba akanipa jembe. Nikachimba mtaro na majirani zake mpaka saa tano, na hapo ndipo nilipojuana na watu kuliko siku zote nilizotembea na kamera. Mmoja alinielekeza Nyamirambo, mtaa wa Waislamu. Nilikula pilau na nikasikia Kiswahili kinazungumzwa bila ya mtu kugeuka kunitazama. Ukivuka barabara, tazama kushoto kwanza. Huko magari hupita kulia. Pikipiki za abiria zinakosolewa sana huku kwetu, lakini kule abiria anavaa kofia ngumu bila ya mjadala, na inaingia vizuri juu ya mtandio mwembamba ukiacha kilemba chumbani.

Kosa la pili lilikuwa la saa. Tiketi ya kurudi iliandikwa 06:00. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja na simu yangu ilikwishajirekebisha yenyewe. Basi lilikuwa la upande wa kwetu na lilihesabu saa za kwetu. Nikafika kituoni saa kumi na mbili kasorobo ya Kigali, nimeoga, nimejiandaa, basi limeondoka dakika 45 zilizopita. Nauli haikurudi. Ukikata tiketi ya kuvuka mpaka, uliza "saa ya hapa au ya Tanzania?" na mwambie aandike kwa kalamu.

Nikapanda gari ndogo mpaka Rusumo, nikavuka daraja kwa miguu, Kagera ukinguruma chini. Upande wa pili dereva akaapa kuwa tutafika Kahama kabla ya Isha. Nikahesabu vituo, nikahesabu saa niliyoipoteza kwenye daraja, nikamkumbuka baba. Nililala Ngara. Chumba kilikuwa kibaya na mbu walikuwa wengi, na sikujuta. Kesho yake Kahama, keshokutwa Dodoma, na kutoka hapo treni ya umeme iliyoanza 2024 ikanifikisha Dar es Salaam nikiwa bado sijachafuka.

Kuhusu pesa nitasema moja tu: badilisha kidogo mpakani, ya kula na nauli, na uzihesabu mwenyewe noti moja moja zikiwa mkononi mwako. Mimi nilihesabiwa kwa kasi mbele ya macho yangu, nikaondoka na pungufu huku nikishukuru.

Kaka amekwishamhadithia kila mtu habari za yule mume wa Kampala. Mama aliposikia hakucheka sana. Aliuliza yule mama wa Kiganda ana watoto wangapi, kisha akaniuliza safari ya Malawi ni lini. Wiki iliyopita nimemkuta anaosha kopo la bati la maziwa ya unga, lile kubwa lenye mfuniko wa kubana. Amelianika juani likauke, na hataki mtu alitie sukari.