Avenyu ya ngapi?

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: je, kujenga kituo kimoja cha vijana kunaweza kupatanisha mitaa iliyofarakana? Swali limenigusa pabaya, maana nimekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, Burundi. Jibu lililonijia kwanza ni hapana. Watu hupatanishwa na ujirani, si na matofali. Rais wetu Ndadaye, Mhutu, alipouawa Oktoba 1993, haukupita muda mrefu mitaa ya Kamenge na Kinama ikawa ya Wahutu, Ngagara wa Watutsi. Hata kwetu, Machi 1995, watu waliuawa; majirani zetu wa ukuta mmoja wakakimbia, magodoro kichwani.

Kituo lakini kilikuwepo: Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Wakatoliki, Waksaveri. Mwaka 2002, mwaka kilipopewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, mimi nilikuwa nakwenda pale kusoma Kiingereza.

Siku moja tulikaa vijana watatu, kamusi moja, jalada limeshikizwa kwa plasta. Nikauliza, mnakaa wapi? Yule mrefu akasema Buyenzi. Wa pili naye, Buyenzi. Nikafurahi kupata watu wa kwetu, nikauliza, "Avenyu ya ngapi?"

"Ya arobaini," akasema yule mrefu.

Buyenzi hakuna avenyu ya arobaini. Kidole chake kiliganda juu ya neno, hakisogei. Nilitamani maneno yangu yarudi kinywani. Ndipo yule wa pili, aliyekuwa akikitafuta Kiswahili neno kwa neno, akasema, "Huyu jirani yangu. Nyumba ya tatu." Hawakuwa wamewahi kuonana! Nikageuza ukurasa, tukaendelea na herufi M.

Nikiandika haya jibu langu linayumba. Barabarani wawili wale wangekimbiana. Pale mezani mmoja alimsitiri mwenzake kwa uongo, bila kujua ni wa upande gani.

Basi jengeni. Ila kituo kiwe mahali ambapo kila mtaa unafika kwa miguu bila kupita kwa maadui zake, na ndani kuwe na kamusi, mpira, cherehani, vitu vya kushika pamoja, kabla ya semina za amani. Na msikiite cha maridhiano upesi. Majirani zetu wa 1995 hawakurudi. Nyumba yao inakaliwa na wengine, na mwembe alioupanda mama yao unaangushia maembe uani kwetu kila msimu.