Makundi ya galaksi kutoka Mbeya: nunua stendi kwanza

Wanaoniuliza jinsi ya kupiga picha za makundi ya galaksi huanza na darubini: inchi ngapi, bei gani, Dar inapatikana? Mimi nawarudisha kwenye stendi. Darubini ndogo yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi pale picha inapokolea) wa milimita 400 hadi 600 inatosha kabisa. Mnyororo wa Markarian, ule mstari wa galaksi ulio katika kundi la Virgo, unaingia wote kwenye fremu moja. Hela iliyobaki itie kwenye stendi yenye mota inayofuata mwendo wa nyota.

Kazi kubwa huku kwetu ni kuilenga stendi kwenye ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuambia utafute Nyota ya Kaskazini. Mbeya huioni, iko chini ya upeo. Ncha ya kusini nayo imeinuka nyuzi 9 tu, kwenye milima na moshi, na nyota iliyo jirani yake, Sigma Octantis, ni hafifu mno. Halafu stendi nyingi zimeundwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, hazilali hadi nyuzi 9! Inua mguu wa kaskazini kwa kipande cha mbao, na uangalie fimbo ya uzani isigonge miguu. Kisha lenga nyota iliyo karibu na utosi. Ikihama kuelekea kaskazini au kusini, zungusha stendi kidogo kushoto au kulia mpaka itulie. Rudia kwa nyota iliyo chini mashariki, safari hii ukirekebisha mwinuko. Inakula muda, lakini ukiiruka hatua hii nyota zote zitatoka kama punje za mchele.

Anza na Virgo, umbali wa miaka nuru milioni 54 hivi. Katikati ya Mei mvua zimeshakatika, na karibu saa nne usiku kundi hilo liko juu kabisa. Fornax, kundi jingine la galaksi, ni kazi nyingine: jioni zake ni Desemba na Januari, mvua ikiwa imetanda. Usiisubiri. Iamkie mwishoni mwa Septemba, saa kumi alfajiri. Tafuta Kilimia; kikifika juu kabisa upande wa kaskazini, geuka kusini, Fornax nayo imefika. Msimu huo watu wanachoma mashamba, kwa hiyo ukipata usafiri panda upande wa uwanda wa Kitulo, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Vaa koti zito, baridi ya kule haina utani.

Kwenye kamera, weka ISO (kiwango cha unyeti kwa mwanga) 1600 na sekunde 60 kwa picha. Picha 120 ni saa mbili za mwanga. Ziunganishe kwa Siril, programu ya bure. Kosa ninaloliona sana kwa wanaoanza ni kuikoleza anga iwe nyeusi tii. Iache kijivu kidogo, maana zile galaksi ndogo ndogo ndizo hufutika kwanza.